Mzee Halinga Amesema Maji Yanatoka

Jamani, leo nimepatikana. Asubuhi kweupe, mbele ya watu, nikiwa na kiatu kimoja.

Mnajua kazi yangu ni takwimu za mradi wa visima. Mkataba wetu na mkandarasi ni wa matokeo: hakabidhi kisima mpaka watumiaji wathibitishe miezi sita mfululizo kwamba maji yanatoka. Akishakabidhi, kikisumbua ni shauri la wanakijiji wenyewe. Na anayekusanya huo uthibitisho ni mimi. (Kwa simu. Nikiwa nimekaa. Na chai.)

Leo ilikuwa zamu ya kukabidhi kisima cha kijiji kimoja huko juu, upande wa Hasamba. Nilikwenda na bosi wangu, mhandisi wa maji, mama mkimya asiyependa utani. Ukungu ulikuwa mzito mpaka dereva akawasha taa saa tatu asubuhi. Kijijini kimya! Hakuna mtoto, hakuna mbwa, milango yote imefungwa. Mgongo ukanisisimka, nikasingizia baridi.

Mwenyekiti wa kijiji akatokea kwenye ukungu peke yake, kajifunika blanketi. Bosi akamwambia, "Kabla sijasaini, naomba nimshukuru Mzee Halinga wa kamati ya maji. Hajawahi kukosa kutupa taarifa."

"Juzi tu nimeongea naye," nikadakia. (Kimbelembele changu hicho.)

Mwenyekiti akanigeukia. "Umeongea na Halinga?"

"Kila mwezi. Mwenyewe."

Akageuka, tukamfuata katikati ya mibuni mpaka kwenye kaburi la saruji. Msalaba. Jina.

"Huyu hapa. Tulimzika wakati wa kupanda mahindi."

Mahindi yameshavunwa, jamani. Yako ghalani.

Bosi akafungua faili langu, akasoma kwa sauti, taratibu: "'Nimeongea na Mzee Halinga. Ana afya njema.'" (Hiyo afya niliiongeza mimi, ripoti ipendeze.)

Nikaona nijitetee. Namba si ninayo? Nikapiga. Ikaita sikioni kwangu. Na ikaita pale pale, nyuma ya kaburi.

Mlio ukakatika. Halafu ikaja ile sauti nzito ya kukwaruza niliyoizoea: "Haloo. Maji yanatoka, lakini..." Niliisikia kwenye simu na kwenye ukungu kwa wakati mmoja.

Sikumbuki kuamua kukimbia. Nakumbuka mibuni ikinichapa usoni, na kiatu cha kushoto kikiniaga. Nikachomoka kwenye uwazi, na hapo nikawaona: watu wengi, wamejifunika vitenge gubigubi, wamesimama mstari mmoja mrefu ndani ya ukungu. Hawasemi. Wote wananitazama.

Nikajua nimefika ahera. Nikapiga magoti kwenye matope, nikalia, "Nisameheni! Zile fomu nilijaza ofisini!"

Mama mmoja akasema, "Kaka, kama umekuja kuchota, mwisho wa foleni ni kule."

Ilikuwa foleni ya kisima. Karibu kijiji kizima kilikuwa pale.

Bosi akafika, na nyuma yake bibi mwenye jembe begani na simu ya tochi mkononi. Mjane wa Mzee Halinga. Alikuwa analima migomba yake nyuma ya kaburi, na simu aliachiwa na marehemu.

"Bibi," nikasema nikiwa bado chini, "mbona hukuniambia mzee amefariki?"

"Mwanangu, uliniamkia, nikaitika marahaba. Jina hukuuliza. Ukauliza kama maji yanatoka, nikasema yanatoka, lakini. Ukanikata: 'Lakini haina nafasi kwenye fomu, sema ndiyo au hapana.' Basi nikasema ndiyo, maana kutoka yanatoka."

Bosi akamgeukia. "Lakini nini, mama?"

"Lakini ndoo moja unasukuma mpaka aliyebaki nyumbani anamaliza kupika ugali. Hawa unaowaona wako hapa tangu alfajiri."

Bosi akaninyooshea kidole, kisha akakielekeza kwenye pampu ya mkono ya kisima. Nikasukuma, foleni nzima ikinihesabia kwa sauti. Mikono ilianza kutetemeka, ndoo haijafika nusu. Aibu niliyoisikia haikuwa ya matope. Saini moja tu ilibaki tuwaachie wale kina mama pampu ile milele, kwa takwimu zangu nzuri.

Bosi akaikunja hati ya makabidhiano, akairudisha kwenye mkoba. Akampigia mkandarasi pale pale: hakuna kukabidhi, arudi wiki hii na mitambo yake. Kina mama wakapiga vigelegele. (Si vyangu.) Mimi nimepewa kazi ya kutunga fomu mpya, na swali la kwanza kalisema bosi mwenyewe: "Naongea na nani?"

Sasa niko nyumbani Tunduma, nimeoga mara mbili. Kiatu kimebaki kwenye mibuni, atakayekiokota akivae. Naomba asicheke mtu.

Halafu, ninavyoandika hapa, simu inaita. Jina limejiandika: Mzee Halinga Maji. Najua ni bibi. Najua kabisa, atakuwa ana "lakini" nyingine.

Nani yuko karibu aje anipokelee?