Antena ya Mzee Eliakimu

Jumatatu, 9 Juni

Nimemfuma Amira anampa Mzee Eliakimu shikamoo mara mbili. Asubuhi moja, mara mbili! Fundi redio mzima kama mimi, anajikomba kwa ajili ya chumba cha chini ya ngazi. Chumba hicho ni changu. Nimekitolea macho tangu nianze kutengeneza redio hapa barazani, Mtaa wa Sikukuu, jua kichwani, mgambo mgongoni.

Mzee Eliakimu ndiye mwenye ghorofa. Anauza ndoo na mabeseni ya jumla. Kafunga redio koli ili aongee na Seifu, mlinzi wa godauni lake la Buguruni, maana Seifu akipigiwa simu hapokei. Antena ipo juu ya paa, redio ipo dukani, na Buguruni hawasikii neno. Mzee katangaza: atakayeiweka sawa apewe chumba.

Nimemwambia hiyo kazi ya asubuhi moja.

Jumanne, 10 Juni

Nimeazima mita. Kidude chenye mshale. Redio ikirusha, mshale unaonyesha nguvu kiasi gani inagonga antena na kurudi. Mshale ukilala, safi. Ukisimama, antena imekataa. Leo umesimama wima.

Amira akapita, akasema nipande juu nikaipime antena yenyewe. Nani kamuuliza? Antena ina stika ya kiwandani! Kosa ni waya unaoshuka hadi dukani: mrefu mno. Nikakata kipande. Mshale ukashuka! Kidogo, lakini ukashuka. Nikageuka nimwone Amira atafanya uso gani. Alikuwa ananunua maandazi. Wivu huo.

Jumatano, 11 Juni

Nimekata tena. Na tena. Mshale unashuka vizuri, ila waya haufiki tena mezani kwa Mzee. Jambo dogo. Nimehamishia meza kwenye ngazi. Wateja wanapita ubavu ubavu na mabeseni yao, wanalalamika. Watu wa Kariakoo hawana subira na sayansi.

Mzee akaniuliza, "Kijana, hii ngazi ndiyo ofisi?"

Nikamjibu ni kwa muda tu. Nakata kidogo tu.

Alhamisi, 12 Juni

Ushindi! Mshale umelala chali!

Meza ya Mzee sasa ipo juu ya paa, kati ya tenki la maji na kamba ya nguo za wapangaji. Akakaa pale mchana wa jua kali, shuka la mtu linampiga usoni, akaita, "Buguruni! Buguruni!" Kimya. Akaita hadi sauti ikamkauka. Nikamweleza kwamba Seifu amelala, walinzi ndivyo walivyo.

Mzee akampigia simu. Na leo, kwa uhaini wa wazi, Seifu akapokea! Kasema yupo macho, redio ipo mbele yake, anachosikia ni kama mtu anakaanga samaki.

Mzee hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alishuka ngazi taratibu, akamwita Amira.

Ijumaa, 13 Juni

Amira kapanda na mita yake, kaifunga pale pale kwenye shina la antena. Akasema kukata waya kunaudanganya mshale tu, nilikuwa naibembeleza mita wakati antena bado inaumwa: fimbo yake ni ndefu mno kwa masafa ya redio hii. Akachukua msumeno, akapunguza ncha, akapima, akapunguza tena.

Anakata! Mimi nikikata ni mharibifu. Yeye akikata kiasi cha ukucha mmoja ni fundi!

Kisha akashusha waya mpya hadi dukani. Mzee akaita mara moja tu.

"Nakupata vizuri, bosi!" akajibu Seifu, kwa sauti ya mtu anayetaka kupandishwa cheo.

Amira kapewa ufunguo. Akaja kuniambia niweke meza yangu mlangoni pake, kuna kivuli. Nikamwambia chumba kile kina joto na mende, namhurumia.

"Haya, Shaibu," akasema. "Jua likikuchosha utakuja."

Nimekaa juani hadi jioni. Macho yalikuwa yanatoka machozi. Vumbi la Kariakoo, hakuna kingine.

Jumapili, 15 Juni

Nimeikimbia Kariakoo. Nimekwenda Feri, soko la samaki, kwa watu wanaoheshimu ujuzi. Nimempata Uledi, mwenye boti ya uvuvi. Redio yake inakoroma, hawasikilizani na wenzake baharini.

Mimi si mtu wa kurudia makosa. Waya sikuugusa kabisa! Sasa najua siri ni fimbo ya antena. Uledi akauliza kama hatupimi kwanza. Nikamwambia mita zinachelewesha kazi. Na kwa nini nipunguze ukucha ukucha kama Amira, kutwa nzima? Nikaikata katikati, mara moja, kifundi.

Uledi amekaa na kipande mkononi. Anauliza kinarudishwaje.

Wavuvi nao wana maswali!