Mtungi wa Kwenda Katogota

Placide alifika kijiweni akitembea haraka, jambo ambalo si kawaida yake. Tunamwita Radio kwa sababu karani mmoja wa bandarini humruhusu kusimama chini ya dirisha lake wakati wa habari. Akaomba chai kwanza, akapuliza, akanywa, ndipo akatuambia kwamba Wabelgiji wamekubali. Uhuru utakuja tarehe thelathini, mwezi wa sita.

"Mwaka gani?" akauliza Onesphore.

"Huyu huyu wa soixante, wa sitini."

"Mbona mbio vile?" akasema Onesphore, ambaye hatukumpa bure jina la Polepole.

Kijiwe chetu ni benchi mbele ya nyumba ya Mama Agnès, hapa Kalundu. Asubuhi anauza chai, mchana pombe ya ndizi. Zilikuwa siku za mbalamwezi, na mwezi ukiwaka ndagala, dagaa wa ziwa letu, hawafuati taa zetu, kwa hiyo sisi wavuvi hukaa nchi kavu tukiendesha dunia.

Basi kila mtu akajipangia uhuru wake. Radio alichagua nyumba ya mkubwa wa bandari. Révérien, tunayemwita Avocat, yaani wakili, kwa kuwa huongea mpaka msikilizaji akubali kwa njaa, alijiteua kuwa jaji. Polepole alisema atangoja kwanza aone.

Evariste peke yake alikuwa akizungushazungusha kikombe.

"Hata indépendance iko na tarehe," akasema. "Minye tu njo siko nayo."

Kila mtu pale alijua anasema nini. Kwa miaka mitatu Evariste alimtaka Sabine wa Katogota, na Sabine alimtaka yeye. Kilichobaki kilikuwa desturi tu: wasemaji wapeleke mtungi wa pombe kwa baba wa msichana, wautue, waseme. Mama Agnès, shangazi yake Evariste, alikuwa ameshapika mtungi mara tatu. Na mara tatu sisi wasemaji tuliuonja, maana huwezi kupeleka ugenini pombe usiyoijua. Watu wabaya wanasema tuliinywa. Hatukuinywa, tuliionja. Tulianza kwa juu, kisha Avocat akakumbusha kwamba chini inaweza kuwa na ladha nyingine, tukaona ana haki. Hakuna mtungi uliowahi kuvuka Kalundu.

Sasa mtungi wa nne ulikuwa ndani, tayari, na habari kutoka Katogota zilikuwa mbaya. Dereva mmoja wa Usumbura alikuwa atume watu wake kwa baba Sabine Jumapili, siku ya Mungu.

"Iko na viatu ya ngozi," akasema Radio. "Minye nilimuona."

Tukalijadili jambo kwa uzito wake. Avocat alishauri tungoje, kwani nchi ikibadilika na sheria ya mahari itabadilika, na mtu mwenye akili hatoi ng'ombe leo kwa kitu ambacho kesho kitakuwa bure. Radio aliongeza kwamba amesikia Leta, yaani serikali, itampa kila mwanaume bibi. Polepole akataka kujua, yule ambaye tayari ana bibi, atapewa wa pili au atarudishiwa ng'ombe wake? Radio akajibu kwamba hapo ndipo karani alipofunga dirisha.

"Sabine hatangoja Leta," akasema Evariste. "Minye ninamupenda. Nikimukosa, nitabaki hapa na ninyi mpaka nitakufa."

Tuliyachukua maneno yale kuwa sifa.

"Basi, tutaenda kesho," akasema Avocat. "Ila tuonje kwanza."

Evariste akainuka, akaingia ndani. Tukajua anafuata mirija ya kunywea. Akatoka amekumbatia mtungi, umefungwa mdomo kwa majani ya ndizi, akatupita bila kutuangalia na kusimamisha lori lililokuwa likipeleka ndagala wakavu Bukavu.

Avocat alimkimbilia, na hilo nalo lilikuwa jipya. "Weye, bila musemaji utasema nini kule?"

"Sijue," akajibu Evariste. Lori likaondoka.

Siku ile nzima tulimhukumu. Hata chai haikupita vizuri.

Kesho yake akarudi, vumbi mpaka kwenye kope, akicheka peke yake. Akatueleza kwamba alipofika aliutua mtungi na maneno yote yakamkimbia. Akasimama tu. Baba Sabine akafungua majani, akachungulia, akaita ndugu zake wachungulie nao.

"Mwaka ya tatu tunasikia mutungi iko njiani," mzee akasema. "Nilizania ni hadisi."

Wakanywa. Sabine akamtandikia mkeka mwenyewe. Mazungumzo ya mahari yakapangwa Jumamosi, kabla ya watu wa dereva, ila wasemaji lazima waende. Mzee alitoa sharti moja tu.

"Alisema mutapewa pombe nyuma ya kusema," Evariste akatuambia. "Hapana mbele."

Avocat akaumia sana. Alisema katika maisha yake hajaona desturi ikidharauliwa hivyo, na yeye koo lake likiwa kavu halitoi neno hata moja. Radio akamuunga mkono. Polepole akapendekeza suala hili liachwe mpaka tarehe thelathini.

Mama Agnès akamwaga maji ya vikombe, akajifunga kitenge upya.

"Minye nitaenda kusema," akasema. "Ni mutoto wa kaka yangu."

Jumamosi wakapanda lori, yeye na Evariste. Sisi tukabaki kwenye benchi kuamua kama desturi inaruhusu mwanamke kuwa msemaji. Avocat alikataa, Radio alisema jambo hilo halijatangazwa, na Polepole aliomba muda wa kufikiri. Uhuru ulipita mbele yetu tukiwa kwenye hoja ya pili, na Sabine alipojifungua mtoto wa kwanza, tulikuwa bado hatujaafikiana.