Kumbukumbu Rasmi ya Kanali Sasa Hivi

Serikali ilitangaza redioni kwamba Kanali mstaafu, aliyefariki mwezi uliopita, angekumbukwa rasmi Jumamosi asubuhi, na kwamba wananchi wasiomkumbuka walipewa hadi Ijumaa kujirekebisha. Tangazo hilo lilitungwa na Afisa Mwandamizi wa Kumbukumbu wa wizara, mtu makini aliyevaa tai hata akiwa ananyoa ndevu. Alilisikiliza, akaridhika, kisha akaenda nyumbani kwa mjane kumsomea wasifu wa marehemu.

Mjane alimkalisha sebuleni, yeye akaendelea kukunja nguo huku akisikiliza. Wasifu ulikuwa mzuri. Ulieleza jinsi Kanali alivyolitumikia jeshi ujana wake wote, na jinsi alivyopelekwa mpakani akamzuia adui asivuke.

"Adui hakuja," mjane alisema.

"Ndiyo, mama. Alizuiwa."

Mjane alifikiri kidogo, akaona hakuna haja ya kubishana. Afisa akaendelea. Baada ya kustaafu, Kanali aliteuliwa Mkurugenzi wa Maji, kwa kuwa alikuwa na sauti. Aliyaamuru maji yafike mitaani kabla ya alfajiri. Maji hayakutii. Kanali akasema kazi imemshinda, akajiuzulu, jambo lililoitia wizara kiwewe, maana hakuna aliyejua mtu anajiuzulu vipi. Ilibidi iundwe kamati. Wasifu ulisema tu kwamba "alikamilisha majukumu yake mapema." Halafu akapewa Baraza la Muziki, ambako kwaya ya taifa ilifundishwa kuimba ikitembea kwa gwaride. Siku ya tamasha ilitoka ukumbini katikati ya wimbo, ikaenda kutokea sokoni, kwa sababu hakuna aliyeiambia isimame. Hiyo iliitwa kupeleka sanaa kwa wananchi.

Hapo wasifu ukaisha.

"Na harusi?" mjane aliuliza.

Afisa alikohoa. Mji mzima ulijua kwamba miaka yake ya mwisho Kanali alikuwa mshereheshaji wa harusi, tena bila kuteuliwa na mtu. Alijinunulia maikrofoni, akatoa suti yake ya kijivu kabatini, akatangaza kwamba harusi atakazosimamia zitaanza kwa saa iliyoandikwa kwenye kadi. Watu walidhani ni mzaha. Harusi ya kwanza, bi harusi aliingia ukumbini na rola za nywele bado ziko kichwani. Iliyofuata, bwana harusi alifunga vifungo vya shati akiwa mlangoni. Baada ya hapo wageni wakaanza kuwahi wenyewe, wakala chakula kikiwa cha moto, wakarudi kwao mapema na kuamka hawajanuniana. Wakamwita Kanali Sasa Hivi. Wakubwa tu ndio hawakumpenda. Mkubwa akiwahi, watu watamjuaje kuwa ni mkubwa?

Kwa hiyo Afisa alieleza kwa upole kwamba Mheshimiwa Waziri ameagiza suala la harusi lisiguswe. Kushika maikrofoni hakuna hadhi ya kijeshi. Mjane alikuwa ameshika shati la marehemu. Alilikunja polepole kuliko nguo nyingine. Hakulalamika. Aliuliza tu shughuli inaanza saa ngapi.

"Saa tatu, mama."

"Saa tatu ya nani?"

Afisa alifurahi kuulizwa swali la kitaalamu. Alifafanua kwamba saa tatu ni ya wananchi. Wakurugenzi wana saa tatu yao, makatibu wakuu yao, na ya Waziri huangukia adhuhuri, kulingana na uzito wake. Mjane akamshukuru, akasema ameelewa.

Jumamosi Afisa alifika uwanjani amechelewa kiasi kinacholingana na cheo chake. Hema lilikuwa limejaa. Mjane alisimama mbele na maikrofoni ya mumewe, na shughuli ilikuwa imefika katikati. Hakuna aliyekuwa anasoma wasifu wa wizara. Walikuwa wanazungumza watu ambao Kanali alisimamia harusi zao, wamekaa wawili wawili. Fundi viatu mmoja alisimulia kwamba siku ya harusi yake, baba yake mzazi alishika maikrofoni akaanza kufukua ugomvi wa zamani na wakwe. Kanali alizima spika, akapiga saluti, akamshukuru mzee kwa nasaha fupi. Fundi akamtazama mkewe.

"Angemwacha amalize," alisema, "mimi leo nisingekuwa na huyu."

Watu walicheka, kisha baadhi wakatafuta leso.

Afisa akajikuta anakumbuka harusi yake mwenyewe. Walimsubiri mgeni rasmi mpaka mafuta ya jenereta yakaisha. Keki ililiwa gizani, na mkewe hadi leo anashikilia kwamba kipande chake alilishwa mtu mwingine.

Simu ikalia. Katibu wa Waziri aliuliza kama watu wamefika. Afisa alijibu kwamba wamefika wote. Katibu akasema vizuri, basi wasubiri, Mheshimiwa yuko mezani anapata kifungua kinywa. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema ukweli wote. Afisa alimwangalia mjane, akawaangalia watu wawili wawili.

"Sawa," alisema. Akazima simu, akatafuta kiti nyuma, akalegeza tai.

Waziri alifika adhuhuri, kwa ving'ora, pamoja na kamera za televisheni. Mjane alikwisha kwenda kupumzika, na watu walikwisha kutawanyika. Walibaki wenye hema, wakilibomoa. Waziri hakuona sababu ya kubadili ratiba kwa jambo dogo kama kukosekana kwa watu. Alisimama akaanza kuwahutubia ndugu wananchi. Mwenye hema, ambaye alikuwa na harusi ya kuwahi mchana, aliona mwanamume mwenye afya njema asiye na kazi.

"Mzee, shika huo mwisho," alimwambia, akampa mlingoti.

Waziri, aliyezoea kupokea chochote anachokabidhiwa, aliupokea. Kamera zikawaka. Walinzi wake hawakuwa na maelekezo juu ya hali hiyo, kwa hiyo wakabeba viti.

Jioni taifa zima lilimwona Waziri akipakia hema kwenye lori, na mtangazaji akaiita heshima isiyo na mfano kwa marehemu. Afisa alihojiwa, akathibitisha kwamba kila kitu kilipangwa. Waziri alishangiliwa kila alikopita, ikawa vigumu kukanusha.

Wiki iliyofuata alialikwa kwenye harusi tatu. Kadi zote zilimwomba, kwa heshima na taadhima, afike alfajiri, pamoja na lori.