Nyumba ya Bibi Ina Homa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kiseke. Bati juu, saruji pande zote. Feni inanirudishia joto lile lile la mchana. Mimi, Lukman, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya majengo yenye kaboni kidogo, nimepanga ndani ya tanuri.

Shangazi Sada amepiga simu kutoka Nansio, kisiwani. Nyumba ya marehemu bibi inavunjwa. Matofali ya saruji yako uani tayari, mafundi wanaingia Jumatatu ijayo. Nilikaa kitandani nikaiona yote: paa la nyasi, kuta za udongo nene hata watoto wawili tulikaa dirishani bila kusukumana, harufu ya udongo mbichi siku ya kukandika. Nilikulia mle. Nimelia kidogo.

Kisha akili ikanirudia. Nitapima joto! Nikithibitisha kwamba nyumba ya bibi ina ubaridi zaidi kuliko ya saruji, shangazi atakosa la kusema. Na Dk. Rwekaza, msimamizi wangu, atapata ile sura ya tasnifu anayoniulizia tangu Pasaka.

Jumanne, 5 Agosti

Nansio. Meli ilitulia njia nzima. Nikamwamkia shangazi, akaitikia na kunitengea ugali wa muhogo na sato. Akauliza kama nimekuja kusaidia kuhamisha vyombo. Nikamjibu nimekuja kwa utafiti. Alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kanga.

Nina vipimajoto viwili vya chuo, vinatuma vipimo kwenye simu. Kimoja nimekitundika kwa jirani Luhaga, mwenye nyumba ya saruji. Nimekitundika juu kabisa, chini ya bati. Hakuna aliyenikataza.

Kwa bibi nilitafuta penye ubaridi zaidi. Nilipajua: uvunguni, chumba cha ndani. Ndiko nilikojificha kila nilipotumwa maji ziwani. Bibi alijua nipo pale. Alikuwa akikaa kitandani na kusema kwa sauti kwamba mjukuu wake amepotea, basi sehemu yake ya samaki apewe paka. Nilitoka mbio kila mara.

Giza ni lile lile. Kuna kapu la majani makavu. Nikazamisha kipimajoto ndani kabisa. Mkono ukagusa vitu vya mviringo, nikadhani ni viazi. Nimeondoka na meli ya alasiri.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya kuwasilisha kazi darasani. Alianza Fadhila. Fadhila ana matofali yake ya udongo wa kushindilia, ameyajaribu Nyakato tangu Machi, ana majedwali, na ana tabia ya kunihurumia. Alipigiwa makofi.

Nikasimama mimi. Nikaonyesha mstari wa nyumba ya Luhaga, unapanda na kushuka kama mlevi. Kisha wa nyumba ya bibi. Umenyooka! Usiku na mchana, haupandi, haushuki. Nikaeleza kwamba ukuta mnene wa udongo hulitunza joto. Nikaongeza habari za bibi na samaki wa paka. Wilhelmina wa mstari wa mbele alifuta jicho.

Fadhila akanyoosha mkono. Akauliza kwa upole kama nimesoma namba zilizo pembeni.

Sikuwa nimezisoma. Nyuzi thelathini na tisa. Fadhila akauliza kama nyumba ya bibi imepimwa malaria. Dk. Rwekaza aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wako kwenye maonyesho, mimi niko uvunguni Nansio. Nimewasha tochi. Kuku wa shangazi ameatamia mayai, na kipimajoto kimo katikati, amekikumbatia kwa bawa. Nilijaribu kukichukua. Amenidonoa pua.

Nikamwambia shangazi nimeonewa. Akaniambia niketi. Hakucheka safari hii. Alisema ubaridi wa nyumba ile haujui kwenye simu, anaujua kwenye ngozi, amelala mle maisha yake yote. Alisema bibi alikuwa akiandaa kinywaji cha ndizi kisicholevya, wanawake wa mtaa wanakuja, wanakandika kuta zote kwa siku moja huku wanaimba, na sisi watoto tunabeba maji. Sasa yuko peke yake. Masika iliyopita ukuta wa nyuma ulibomoka, akaukandika kwa magoti haya, na akanionyesha magoti. Akauliza mara ya mwisho mimi nilikandika lini.

Ilikuwa kabla ya kidato cha kwanza. Roho imeniuma kweli.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekandika ukuta wa nyuma. Udongo, samadi, maji kutoka ziwani. Shangazi alikaa kwenye kigoda akinielekeza, akaanza wimbo mmoja wa zamani, nikaukumbuka katikati. Harufu ni ile ile. Kwa muda fulani nilikuwa na miaka minane, na bibi yuko ndani anaongea na paka.

Jioni mgongo haukunyooka. Shangazi akatoa hukumu. Nyumba ya saruji itajengwa upande wa pili wa ua. Ya bibi itasimama, ila kwa sharti: kila kiangazi nije nikandike kwa mikono yangu. Mwaka nitakaokosa, anaita mafundi wavunje. Nikaapa. Tukalia wote wawili, naye akanipakia muhogo wa kuondoka nao.

Jumapili, 24 Agosti

Kiseke, tanurini. Mgongo bado.

Nimepata wazo zuri kuliko yote. Mafunzo kwa vitendo! Kila kiangazi darasa zima litasafiri Nansio kujifunza ukandikaji wa asili. Kila mtu na ndoo yake. Mimi nitasimamia kutoka kivulini, na kiapo kitakuwa kimetimia, maana mikono ya wanafunzi wangu ni kama yangu. Tangazo nimelibandika. Fadhila amejiandikisha wa kwanza na kuomba namba ya shangazi. Nimempa. Ana moyo mzuri, simlaumu kwa kutoona mbali.

Shangazi amepiga simu jioni. Kwanza, vifaranga wameanguliwa wote isipokuwa kipimajoto. Kuku amekataa kuondoka, bado anakisubiri. Pili, ameongea na Fadhila, binti mwenye adabu. Wamekubaliana wanafunzi watakaa kivulini na kalamu zao, watazame na kuandika. Atakayekandika kuta zote nne ni mimi, ili waone inavyofanywa na mwenyeji.

Nimetafakari kwa makini. Kisha nimemwomba shangazi kuku akichoka, akitoe kile kipimajoto na kukiweka nyuma ya mtungi wa maji, penye ubaridi wa haki.