Ombi la Kulifuta Neno Paní Hapa Kijijini

Kwa Mwenyekiti wa Kijiji, Bwana Škvařil,
Dolní Zábřezí, Moravia.

Ndugu Mwenyekiti,

Pole kwanza kwa mguu wako. Mimi ni Ludmila Kopřivová, mjane wa fundi viatu, nyumba ya pili kutoka kanisani. Naomba Halmashauri ipige marufuku neno paní, hili tunalomwitia kila mwanamke wa heshima. Linanitesa, na sababu ninazo.

1. Asili yake. Limetoka kwa pán, yaani bwana. Kumbe sisi ni mkia wa bwana! Bwana wangu Alois yuko makaburini, Mungu amrehemu. Mkia bila ng'ombe una kazi gani?

2. Sarufi yake. Maneno yetu hujipinda mwisho kufuata kazi yao katika sentensi: meza hujipinda, bata hujipinda, hata mbu. Paní peke yake hajipindi ng'o! Umpende, umwogope, umpishe kiti, ni paní tu. Neno kavu kama mkate wa juzi ndilo nililovishwa mimi, ninayecheza polka mpaka wapigaji muziki waombe maji!

3. Bucha la Bwana Vrzal, na hapa ndipo panaponiuma. Yeye ni mgane. Wateja wote anawatania. Hata yule bibi wa posta, mwenye vitukuu, huambiwa, "Karibu mrembo, leo ubavu au kongoro?" Ikifika zamu yangu anavua kofia, anasimama wima: "Paní Kopřivová atapenda nini?" Naishia kununua soseji za maini, nami maini siyali. Paka wangu amenenepa hadi dirishani hapiti.

4. Desturi. Kwetu mwanamume hathubutu kumwita mwanamke kwa jina mpaka mwenyewe aseme, "Sasa niite Ludmila," wagonge glasi. Vrzal anangoja, mimi naona haya. Tutazikwa tukingojana! Mkilifuta neno, serikali ndiyo itakuwa imeanza, nami sina lawama. Atakayekaidi afagie uwanja wa kanisa.

Nisalimie mkeo Hedvika, kuku wake, na yule karani wenu asiyecheka.

Wako mtiifu,
Ludmila Kopřivová

Tena: Nilipokuwa naipeleka barua hii posta, nilipita buchani. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Vrzal akavua kofia, uso umemwiva, akasema mbele ya watu, "Ludmila, nimekuwekea bata mnono." Sijui shetani gani alinipanda! Nikamjibu, "Nani kakuruhusu? Kwako mimi ni paní Kopřivová, ukome!" Akanifungia bata bila kuinua macho.

Basi, Mwenyekiti, marufuku acheni; barua hii naileta mwenyewe leo hii. Ila kesho, kwenye kipaza sauti cha kijiji, ukishatangaza siku ya kuzoa takataka, tafadhali sema, "Bohumír Vrzal, Ludmila anaomba radhi, bata yuko jikoni kwake, nenda mkamle pamoja." Tangazo ulirudie, maana mashine yake ya kusagia nyama ina kelele.