Maua ya Bibi Waziri wa Mazingira

Jumatatu, 3 Novemba

Siku ya ishirini na moja tangu Waziri wa Kilimo na Waziri wa Mazingira waache kusemeshana. Sababu: mbwamwitu mmoja. Amekula kondoo kumi na wanane. Bwana Lüdeking wa Kilimo, mfugaji mwenyewe, anataka apigwe risasi. Bibi Reinefeld wa Mazingira anasema risasi hiyo ikilia, chama chake kinafungasha virago. Serikali ya jimbo letu ni ya vyama viwili. Kimoja kikitoka, kwisha.

Na mimi kwisha! Muda wangu wa majaribio unamalizika Ijumaa. Bibi Kessenich, katibu wa baraza la mawaziri na mkuu wangu, ndiye wa kutia saini nithibitishwe kazini. Serikali ikianguka, naye anaondoka. Barua yangu itabaki kwenye trei. Miaka sita ya chuo kikuu, halafu trei.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba walikuwa marafiki. Siku ya kusaini mkataba wa mseto, wiki yangu ya kwanza kazini, mzee Lüdeking alimwomba mama Reinefeld amwite Hinnerk tu, naye akasema basi yeye aitwe Almut. Niliwashikia glasi. Sasa ni Bwana Waziri na Bibi Waziri. Wiki iliyopita mzee alitaka maziwa ya kahawa yaliyokuwa mbele ya mama. Hakuomba. Alikunywa kahawa chungu.

Nina mpango. Kesho Bibi Reinefeld anatimiza miaka hamsini. Nimeagiza shada la maua na kadi. Nimeandika kwa mkono wangu: Almut, hongera, nimeyakosa mazungumzo yetu, Hinnerk. Najua ni kughushi. Lakini ni kughushi kwa wema! Jina la mama nimelihakiki mara nne.

Jumanne, 4 Novemba

Balaa!

Maua yaliletwa katikati ya kikao, mbele ya mawaziri wote. Bibi Reinefeld akasoma kadi. Uso ukalainika (nimeuona!), kisha ukakazika. Akauliza, kwa upole wa kutisha, leo ni tarehe ngapi. Akaambiwa nne. Akasema yeye alizaliwa tarehe tano.

Waziri mkuu wa jimbo aliweka kijiko chini. Kwetu mtu hapongezwi kabla ya siku yake, hata kwa saa moja. Ni kumtakia asiifikie. Bibi Reinefeld ana shahada ya udaktari ya baiolojia na haamini mkosi wowote isipokuwa huu. Akamuuliza Bwana Lüdeking kama ameona mbwamwitu ni mgumu kupatikana, ndiyo maana ameanza na yeye.

Nikachungulia orodha ya siku za kuzaliwa chini ya meza. Nilisoma mstari ulio juu ya jina lake! Tarehe nne ni ya Waziri wa Sheria, mzee mpole aliyekaa mwisho wa meza, na hakupata hata jani.

Nikasubiri Bwana Lüdeking akane. Aliomba kadi. Akaitazama sana. Akanitazama mimi. Kisha akasema ndiyo, ni yake, anaomba radhi, kichwa chake kinashika siku za kuzaliwa za ng'ombe tu. Wote wakacheka isipokuwa mama. Lakini maua hakuyatupa.

Suala la mbwamwitu limesogezwa hadi Alhamisi. Chama cha Bibi Reinefeld kimesema hapo ndipo mwisho. Kwenye kumbukumbu za kikao nimeandika: Maua yalipokelewa.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango wa pili: faili la mbwamwitu lipotee. Bila faili, hakuna kikao! Nililificha kati ya majalada ya mifereji. Bibi Kessenich alilipata kwa dakika mbili. Akaniambia, kijana, mimi nashika mafaili miaka thelathini, hata panya akihama kabati ninajua. Kisha akanituma nilipeleke mwenyewe kwa Bibi Reinefeld. Adhabu ya haki.

Nikamkuta na keki ya ndimu aliyoioka mwenyewe kwa ajili ya wafanyakazi wake, kama ilivyo ada kwetu kwa mwenye siku ya kuzaliwa. Mara mlango ukafunguliwa. Bwana Lüdeking! Viatu vya shambani, mfuko wa tufaha mkononi. Akasema hongera, na safari hii ameuliza watu watatu tarehe.

Mama hakumkaribisha kiti. Mzee akasema akiwa amesimama. Kwamba hasira yake haikuwa ya mbwamwitu. Ni yale mama aliyosema redioni, kwamba wafugaji hawaombolezi kondoo, wanapiga hesabu tu. Mmoja kati ya wale kumi na wanane alikuwa wake. Wiebke alimlea kwa chupa, jikoni, majira yake ya mwisho ya baridi. Wiebke ni marehemu mkewe.

Bibi Reinefeld akaweka kisu chini. "Hinnerk, mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza ni kondoo gani."

Akamsogezea kiti. Akamkatia kipande kikubwa. Na mimi nikapewa, nikala nimesimama mlangoni. Mama akaniuliza mbona ninalia. Nikasema ni ndimu.

Alhamisi, 6 Novemba

Kikao cha dakika kumi na moja! Jimbo litajenga uzio kwenye malisho yote, na suala la bunduki lisubiri majira ya kuchipua. Jumamosi wawili hao wanakwenda malishoni pamoja. Mzee aliomba maziwa. Akapewa.

Nikitoka, akanishika bega. Akasema herufi H ya kwenye kadi ina mkia, na mkia ule anauona kila Jumanne kwenye kibao cha jina lake mezani, ninachokiandika mimi. Akasema, "Kijana, safari hii umeangukia nyasi. Usirudie."

Nikaapa. Kwa moyo wangu wote.

Ijumaa, 7 Novemba

NIMETHIBITISHWA! Bibi Kessenich alitia saini bila kuinua kichwa, akasema nisifiche tena faili. Kisha, akitazama dirishani, akasema atastaafu mwezi Machi na hajui atakunywa kahawa na nani.

Nimefikiri. Bwana Oltmanns wa mapokezi amefiwa na mkewe. Kila asubuhi humfungulia Bibi Kessenich mlango akiwa bado yuko kwenye ngazi za chini. Haya mambo yanahitaji msukumo mdogo tu. Barua fupi, ya heshima, kutoka kwa Bwana Oltmanns.

Nimeshaianza. Ninaandika kwa mkono wa kushoto.