Kioo Kinachokuza Mara Kumi

Kwa niaba ya Ofisi ya Uratibu wa Nyuso katika Maeneo ya Machimbo, ninayo heshima kuutangazia umma wa Tarime, wa Serengeti na majirani zetu wa upande wa pili wa Sirari kwamba kioo kimepatikana. Ni kioo cha kunyolea ndevu, cha kufunga ukutani, chenye mkono wa kuvutika na taa ya betri, na kinakuza uso mara kumi. Kiko bafuni kwa Mratibu Mkuu. Waliokuwa wakisema ofisi yetu haina kazi sasa watafute la kusema.

Mimi ni Nchagwa, Katibu wa Kamati ya Kioo. Nayaeleza haya kwa usahihi kwa sababu mitaani Turwa wameanza kuyacheka, na kicheko kisicho na kibali kinaniudhi.

Dhahabu ilipofumuka upande wa Nyamwaga, watu waliacha migomba wakaingia mashimoni, na kila penye maji pakawa mwalo wa kuoshea mchanga. Ukishaosha unakausha kwenye sahani, halafu unapuliza taratibu kwa mdomo. Mchanga mweusi unaruka, vumbi la dhahabu linabaki. Mratibu Mkuu wetu, Mheshimiwa Stanslaus, ndiye aliyegundua hatari iliyojificha hapo: vumbi jingine halibaki kwenye sahani, linanasa kwenye ndevu za mpulizaji. Akatoa waraka. Ndevu zote machimboni zikatangazwa kuwa maghala yasiyosajiliwa, na atakayekutwa na dhahabu kidevuni atanyolewa hadharani, vumbi lirudi kwa wenye mialo, naye afukuzwe machimboni.

Ndevu za Mheshimiwa mwenyewe hazikuhusika. Zile ni ndevu za utumishi. Kila jioni alizipitisha kwenye mialo kukagua, na kwa jinsi anavyojituma, hakukubali mtu mwingine apulize akiwepo. Aliinama mpaka ndevu zikawa zinafagia sahani. Kisha alikwenda moja kwa moja bafuni, akajifungia, akanawa uso kwenye beseni ambalo maji yake hakuna aliyeruhusiwa kuyamwaga. Sijawahi kufanya kazi na kiongozi anayependa usafi kiasi kile.

Wa kwanza kunaswa na waraka alikuwa Mzee Wegesa. Mheshimiwa alimpita juani akaona kidevu cha mzee kinameta. Mwalo wake ukafungwa palepale, na mchanga wote aliouhangaikia yeye na mkewe tangu masika ukabaki nyuma ya utepe, wanautazama tu. Mzee hakupiga kelele. Alisema aonyeshwe hiyo dhahabu kwa macho yake mwenyewe, la sivyo hanyolewi wala haondoki. Hoja ilikuwa nzito, ikabidi tuunde kamati.

Kamati ilikwenda mjini, dukani kwa Swaleh, muuza vifaa vya mabafu. Alitupangia vioo vitatu juu ya kaunta, cha mara tatu, cha mara tano na cha mara kumi, akatushauri kwamba anayetaka kunyoa tu achukue kimojawapo cha mwanzo.

"Hiki cha kumi kina ukorofi," alisema. "Ukikisogelea sana unaona unywele mmoja kama mgomba. Ukirudi nyuma kidogo, kinakupindua kichwa chini."

Tulijaribu mmoja mmoja. Ilikuwa kweli tupu. Mjumbe wetu wa Itifaki alipoona kipara chake kiko chini na kidevu kiko juu, aliomba kikao kiahirishwe tupate chai. Tuliporudi tulijadili kwa kina kama Mratibu Mkuu anaweza kuonekana kichwa chini ndani ya bafu lake mwenyewe. Tukapitisha kwamba hawezi, na azimio likabandikwa nyuma ya mlango wa bafu. Baada ya hapo hapakuwa na kipingamizi, tukachukua cha mara kumi.

Fundi wa kutoboa ukuta aliuliza kifungwe kwa kimo cha nani. Mheshimiwa ni mfupi, Mzee Wegesa ni mrefu mno. Tukakifunga kwa kimo cha Mheshimiwa. Naye kwa furaha akaongeza kipengele kwenye waraka: kitakachoonekana kiooni ni ushahidi wa mwisho, bila rufaa, kwa mtu yeyote. Nilimpendekezea aandike "kwa mtuhumiwa". Akasema nina mawazo madogo.

Siku ya ushahidi watu walijaa kuanzia bafuni mpaka nje uani. Mheshimiwa alifika akitokea mialoni, moja kwa moja, na kwa umati ule hakupata nafasi ya kujifungia anawe. Alionekana kukosa raha, nikadhani ni uchovu wa kulitumikia taifa.

Bhoke, msachi wetu wa getini, alimleta Mzee Wegesa. Nilimpa shikamoo, maana kesi ni kesi na umri ni umri. Aliitikia, akakitazama kioo, akanitazama mimi.

"Mura, kijana wangu, sasa nipige magoti kwa kioo?"

Nilimweleza kwamba ni suala la vipimo tu. Alipiga magoti, na magoti yenyewe yalilia. Bhoke akavuta mkono wa kioo, akawasha taa, akachambua zile ndevu unywele mmoja mmoja wakati mzee akijitazama bila kupepesa.

"Ni mvi," Bhoke alisema. "Hakuna kitu kingine humu."

Nilifurahi, kinyume cha utaratibu. Mheshimiwa hakufurahi. Alisema mzee hajui kujisogeza, anatoa uso kama anachungulia kisima, na kwamba atawaonyesha wote jinsi uso unavyowasilishwa mbele ya chombo cha kitaalamu. Akamsukuma pembeni kidogo, akapeleka kidevu chake kwenye kioo, chini ya taa.

Ndevu za utumishi zilikuwa zinawaka. Kila unywele ulikuwa na mzigo wake wa manjano, tangu sikio la huku mpaka la kule. Mheshimiwa alishtuka akarudi nyuma, na kioo, kama tulivyoonywa dukani, kikampindua kichwa chini huku azimio letu likimtazama.

"Kioo hiki ni kibovu," alisema. "Katibu, andika."

Niliandika. Bhoke akaniuliza kwa adabu kama kile kipengele kinasema mtuhumiwa au mtu yeyote. Nikamsomea. Hapo Mzee Wegesa akainuka taratibu, akaomba karai safi, akaliweka mwenyewe chini ya kidevu cha Mratibu Mkuu.

"Nyoa polepole, binti yangu," alimwambia Bhoke. "Ila usipulize."

Mwalo wa mzee ulifunguliwa jioni ileile, na yaliyopatikana karaini yamerudi kwa wenye mialo. Mheshimiwa alipofika getini na kidevu chake kidogo kisichojulikana, hakuna aliyempisha. Aliambiwa akae kwenye foleni asachiwe kama wengine.

Nafasi ya Mratibu Mkuu sasa iko wazi, na usaili unafanyika bafuni, mbele ya kioo. Wajumbe wote wa kamati tumeomba. Nimefurahi kuona kwamba wote tumekuja tukiwa tumeshanyoa nyumbani.